Kadi za Kila Mwezi kwa Baba Mkwe

Sengamalam alikuwa akisahihisha madaftari ya hesabu ya wanafunzi wake, mara mzee mwenye mkongojo akasimama mlangoni. Hakuwahi kumwona, lakini vidole vyake vilimtaja: vilikuwa vikipiga mdundo kwenye mbao za mlango.

Alikuwa baba mkwe wake, Vaithilingam, mpiga ngoma mashuhuri wa mji wa Mayavaram. Miaka tisa nyuma alimfukuza mwanawe, Arivu, kwa kuoa nje ya tabaka lao. Tangu hapo baba na mwana hawakusemezana. Ila kila mwezi Arivu alimpelekea kadi ya posta isiyo na salamu, tarakimu tupu: mapigo aliyoyapanga yaishe sawasawa pale mzunguko wa ngoma unapoanza upya. Mzee naye alijibu kwa tarakimu zake.

Kisha homa ikamuua Arivu, sasa ni mwaka wa pili. Sengamalam aliketi kumwandikia mzee habari ile, mkono ukakataa. Akaiga mwandiko wa mumewe, akaandika: kumi na mbili, nane, nne, na kimya cha mapigo manne kila baina. Jumla thelathini na mbili, mzunguko kamili. Jibu likaja. Hakuweza tena kuacha.

"Karibu, baba." Alisimama mbele ya picha ya Arivu ukutani, koja la maua ya marehemu lisionekane. "Arivu amesafiri."

"Haya." Mzee aliketi, akapewa kahawa, akaionja. "Mh! Nyepesi kama mkono wa mwanagenzi."

"Nikuongezee..."

"Kaa. Ile kadi ya mwezi uliopita. Saba imevunjwa tatu na nne, halafu ikageuzwa nne na tatu. Nimewapigia wenzangu, wote wakaniomba nirudie. Imetoka wapi?"

"Kwa Arivu, baba."

"Arivu?" Mzee aliweka kikombe chini. "Arivu yule yule, aliyekuwa akiikimbia saba kana kwamba ni mbwa kichaa?"

Sengamalam alipiga magoti, akashika miguu yake.

"Nisamehe, baba. Nimekudanganya miaka miwili. Mwanao hayupo."

Mzee alimwekea mkono kichwani.

"Inuka, mwanangu. Arivu hakuwahi kuniandikia kimya. Siku kadi yako ya kwanza ilipofika, nilishuka mtoni, nikanyoa kichwa, nikamlilia."