Nakala ya Talaka

Fundi cherehani alitaka kuolewa tena, hivyo alikwenda masjala ya mahakama kuomba nakala ya talaka yake ya miaka ishirini iliyopita.

Karani alipuliza vumbi, akafungua faili. "Ndiyo hii, mama. Siku ya hukumu ulikuwepo?"

"Sikuja. Niliona haya."

Karani akamgeuzia ukurasa. Kidole cha fundi, chenye sugu ya sindano, kilifuata maneno ya aliyekuwa mumewe: "Mke wangu hana kosa. Mkosa ni mimi."

Miaka yote hiyo majirani walimla kisogo, na mama yake mzazi akamwita mvunja nyumba.

"Nakala moja inatosha?" karani aliuliza taratibu.

"Nipe mbili, mwanangu. Ya pili nataka mama anisomee kwa sauti."