Hatua Tatu za Tembo

Siku hizi hifadhini, gari husikiliza moyo wa mnyama; moyo huo ukianza kwenda mbio, gari hurudi nyuma lenyewe. Mama yangu Wakesho, aliyevunjika mguu utotoni akimkimbia tembo, alikubali kuja kwa sharti moja tu: nisimcheke.

Tembo jike akatokea vichakani, mkubwa kama nyumba yetu, mzuri kupita maneno yangu yote. Kwenye skrini ya gari, moyo wake ulidunda taratibu.

"Turudi, mwanangu," mama alinong'ona, akinibana mkono. "Moyo wangu unataka kutoka."

"Tulia, mama. Gari halisikilizi wako."

Tembo akamtazama mama kwa muda. Kisha, polepole, akarudi nyuma hatua tatu.

Mama akaniachia mkono, akatabasamu. Sasa mimi ndiye niliyeushika wake.