Kilichobaki Baada ya Maji

Saa mbili asubuhi, Jumamosi, bakteria wa kisahani cha kwanza walikuwa bado wameshikilia seli za koo zilizooteshwa humo. Fatouma aliwasuuza tena kwa maji ya chumvi, akarudisha kisahani chini ya darubini. Hakuna aliyebanduka.

Walitoka kwenye damu ya kichanga aliyefariki wiki iliyopita katika wodi ya uzazi, wa tatu mwezi ule. Kisahani cha pili kilikuwa na bakteria wa ukoo uleule, ila Fatouma alikuwa amewanyang'anya kimeng'enya kimoja. Kazi ya kimeng'enya hicho ni kupachika sukari, moja baada ya nyingine, kwenye protini ambayo bakteria hujishikiza nayo kwenye seli za koo. Bila sukari, protini huvunjika mapema. Bakteria wa kisahani cha pili walitoka wote na maji.

"Kumbe ni sukari tu," alisema Dan, msaidizi wake. "Sasa ule mwenye kuileta ku maternité, atakuwa anakohowa?"

"Hapana lazima. Mutu anaweza kuibeba mu koo miezi mingi, na yeye iko bien."

Visahani viwili vya mwisho vilikuwa bado havijasuuzwa. Kimoja kilikuwa na bakteria wa koo la Nkambo Alima, bibi yake Fatouma, aliyekuwa akikohoa tangu mvua zianze. Kingine kilikuwa cha kulinganishia, koo la mtu mzima asiyeumwa. Sampuli yake Fatouma aliitoa kwenye koo lake mwenyewe, kama ilivyokuwa desturi ya maabara.

"Ya Nkambo ikikuwa tayari, uniandikie," alisema akivua koti.

Nyumbani kwa Bilal, mdogo wake, mtoto alikuwa akipewa jina. Alizaliwa kabla ya siku zake. Ngozi yake ilikuwa nyembamba kama ganda la kitunguu. Familia ilitoka Maniema zamani, na desturi haikuachwa njiani: mkubwa wa nyumba hutafuna tende mpaka ilainike, kisha huipaka kwa kidole kwenye kaakaa la mtoto. Nkambo Alima alikuwa amemfanyia hivyo kila aliyezaliwa katika nyumba ile. Fatouma alipoingia, tende ilikuwa tayari kiganjani mwa bibi.

"Nkambo, leo hapana. Uko unakohowa."

"Nilitafuniaka baba yako. Nilitafuniaka na weye, docteur. Ulikufa?"

Wanawake walicheka. Bilal naye alicheka, mpaka alipomtazama dada yake usoni.

"Mwezi hii batoto batatu balikufa, Nkambo. Kwa kitu ya kukaa mu koo ya mukubwa."

Kicheko kikakatika.

"Sasa tutafanya je, yaya?" Bilal alimuuliza dada yake. "Tende hatuwezi kuiacha."

"Atafune yeye," alisema Nkambo Alima. "Koo ya bantu ba labo banaifulaka na sabuni."

Akamtia Fatouma tende mkononi bila kumwangalia, akaenda kukaa mlangoni, mbali na mtoto.

Fatouma alinawa mikono mpaka viwikoni. Alisukutua mdomo kwa maji yaliyochemshwa, akatema, akasukutua tena. Kisha akakaa mkekani na kutafuna polepole. Tende ilipolainika, alichukua kidogo kwa ncha ya kidole, akaipaka kwenye kaakaa la mtoto.

Mtoto alikunja uso. Halafu akaanza kunyonya, kwa nguvu ambazo hakuna aliyezitarajia. Vigelegele vikapigwa. Mama yake akalia kwa furaha.

Simu ikawaka mkekani. Ulikuwa ujumbe wa Dan.

"Ya Nkambo iko safi, yote ilitoka na maji. Ya kulinganisha, ile yako, nilisuuza mara mbili. Haitoki. Iko ileile ya batoto."

Mlangoni, Nkambo Alima alikohoa, akajifunika mdomo kwa kitambaa. Mtoto aliendelea kunyonya kidole cha Fatouma.