Upande wa Nne wa Bweni

Mara mbili Mwanahawa na bintiye mwenye kifua dhaifu walirudishwa getini kwenye shule ya hewa wazi, ambako watoto wa kifua husoma na kulala penye upepo ili wapone. Vitanda vimejaa, waliambiwa, na bweni lingine litasubiri, maana wakubwa wa mji wanajijengea ukumbi kwanza. Leo wamerudi na bweni jipya limesimama, kumbe fundi, kwa huruma zake, ameziba hata upande wa nne unaotakiwa kuachwa wazi.

"Baridi itawaua watoto, mama!" fundi alijitetea.

"Wangu alikuwa anauawa na kufungiwa ndani. Bomoa, baba!"

Mwalimu mkuu alicheka. "Umemsikia mwenye mtoto."

Fundi akaguna, akashika nyundo.

Vumbi lilipotulia, upepo uliingia ukapeperusha shuka zote. Binti alipanda kitandani, akalala mchana kweupe, mdomo umefumbwa, akipumua kwa pua bila kuhema. Mwanahawa alisimama pale pale, viatu mkononi, asije akamwamsha.