Kifyatulio cha Mzee Nassoro

"Hiki nacho kizito," alisema Nassoro, akakirudisha mezani upesi kama mtu aliyeokota kaa la moto.

Kilikuwa kifyatulio cha tatu. Elinuru, fundi bunduki wa Lushoto mjini, alikuwa amefunga kila kimoja kwenye kipande cha mbao, mteja akivute kwa kidole kabla hajachagua.

"Vyote vipya, mzee. Siku hizi vinaingia tu, mpaka vya Ulaya."

Hilo ndilo lililomuudhi Nassoro. Enzi za maduka matupu, kitu kikifa kimekufa. Unasema spea hakuna, watu wanakupa pole, yanaisha. Kisha wakubwa huko juu wakasema ruksa. Ruksa spea, ruksa mitumba, ruksa hospitali kumtoza mgonjwa mpaka sindano. Wenye nacho wakapiga makofi. Yeye ruksa ilimkuta kando ya kitanda cha mkewe, Sabra. Alilipa kila walichotaka, na Sabra akafa vilevile.

Mzigo aliokuja nao ulikuwa bega lake la kushoto, umeviringishwa kwenye kanga ya marehemu na kufungwa kamba. Sabra aliwahi kuiegemeza bunduki karibu na mafiga, kitako kikaungua, wakanuniana siku nzima. Leo angeomba wanuniane hata mwezi. Kijijini walipoiona ile kanga walielewa, na hakuna aliyenyoosha mkono. Kanga ya marehemu haifunuliwi na mtu baki.

"Chukua cha hatua mbili, mghoshi, mzee wangu," alisema Sharifu, jirani yake, aliyekuja na michango ya kijiji mfukoni. "Hatua ya kwanza bismillahi, ya pili moto."

Elinuru alicheka. "Kwa nguruwe, bismillahi ya nini?"

"Hiyo ya kulungu, fundi. Nguruwe si mbuzi wenu nyie Wakristo? Mwenzako Anselm kule Gare sufuria iko mekoni tangu Jumapili, anaingoja nyama!"

Nassoro alijaribu kucheka nao, midomo ikakataa. Alikuwa akiyaona mahindi ya Shamsa, mdogo wake Sabra. Nguruwe waliingia alfajiri, watu wakamwita yeye, maana ndiye mwenye kibali cha bunduki kijiji kizima. Alifika mbio na mzigo wake, akajibanza nyuma ya migomba peke yake. Hapakulia kitu. Alipotoka aliwaambia kifyatulio kimekufa. Shamsa aliyatazama mahindi yake yaliyolala chini, akasema, "Basi, shemeji." Hilo "basi" lilimwingia kuliko tusi.

Alidhani yameisha. Kumbe kijiji kikakaa kikao, kikachanga. Shamsa, asiye na kitu, akatoa jogoo wake.

Na jana tu Shamsa huyohuyo alikuja kuomba mchi wa dada yake, atwange mahindi mabichi aliyookota.

"Kinu nakiona, shemeji. Mchi uko wapi?"

"Umepotea."

"Mchi unapotea vipi? Una miguu?"

Alimfungia mlango. Shemeji yake wa kumpikia uji siku zote za msiba, akamfungia mlango.

"Mzee, umelala?" Elinuru alimgusa.

"Labda kidole changu ndicho kibovu," alisema Nassoro. "Sharifu, turudi. Watu warudishiwe vyao."

"Nirudi kwa Shamsa na nini? Jogoo wake ameshaliwa!" Sharifu akashusha sauti. "Mzee wangu, mvua zinakaribia. Wakipita tena wale, yule mama hana msimu mwingine."

"Kwenye mbao huwezi kukijua," alisema fundi. "Nipe bunduki yako nikipachike, uone."

Nassoro aliukumbatia mzigo. "Kanga ya mke wangu haifunguliwi dukani."

Sharifu akainamisha uso, akasema taratibu, "Usimlazimishe, fundi. Hilo mwachie mwenyewe."

Nassoro aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. Afadhali Sharifu angemtukana.

"Basi hakuna neno," alisema Elinuru. "Ninayo nyingine ya aina ileile, niliinunua kwa mchuuzi mmoja wa Mombo. Nimeitia hicho cha hatua mbili. Ijaribu. Ukiridhika, yako utaniletea siku moyo ukitulia."

Akaingia chumba cha nyuma, akatoka nayo, akafungua chemba kuwaonyesha haina risasi.

Nassoro aliipokea kwa mkono wa kulia. Ikakaa begani bila kutafuta mahali. Mkono wa kushoto ulipanda wenyewe kuishika, jicho likajifumba lenyewe. Alivuta. Kidole kikazama kidogo, kikasimama pale pa bismillahi, kisha tik, laini kama kuvunja ubua mkavu.

"Umeona!" Sharifu alipiga goti lake. "Huyu ndiye Mzee Nassoro ninayemjua! Tazama anavyoishika, fundi, kama amezaliwa nayo!"

"Vipi, mzee?" aliuliza Elinuru. "Si kama yako kabisa?"

Nassoro aliishusha polepole. Kiganja chake kikateremka kwenye kitako, kikabaki pale.

"Haifanani na yangu," alisema.

"Mbona unalia basi?"

"Ni vumbi la duka lako." Akainua kiganja afute macho. Chini yake, kitakoni, palikuwa na doa jeusi la kuungua. Kamba ya bega la kushoto ikalegea, kanga ikateleza, na mchi wa Sabra ukaanguka sakafuni mbele ya miguu ya Sharifu.