Mwizi wa Majaribio

Malimi alifungua kamba, akamtoa ng'ombe mwekundu zizini mchana kweupe, huku akicheka peke yake. Maishani mwake hakuwa ameiba hata kuku.

Lakini mjini Bariadi mgeni kutoka Dar es Salaam alikuwa ameketi na Ngassa, mshirika wa Malimi, mbele ya skrini, akitaka kuona kwa macho yake. Akiridhika, ataweka fedha, na mtandao wao, Mwano, utatoka vijijini Itilima uende nchi nzima.

Mwano ni yowe la Wasukuma. Likipigwa, kila mwanamume hutoka na fimbo. Asiyetoka hutozwa faini. Kulitia kwenye simu lilikuwa wazo la Malimi: mtu anabonyeza, simu za kijiji kizima zinalia. Mwanzoni simu ilimuuliza kwanza anayebonyeza, "Una hakika?" Ngassa akaliondoa swali.

"Watu hawafungui mtandao kwa ajili ya bei ya pamba, Malimi. Wanafungua kwa ajili ya mwizi. Ukiwauliza-uliza, wanapoa."

"Na wakimpiga asiye mwizi?"

"Sisi tunapiga yowe tu. Fimbo si zetu."

Waligombana sana. Nusu ya kampuni ilikuwa ya Malimi, naye akaapa hatatia sahihi mkataba wa mgeni mpaka swali lirudi. Juzi Ngassa akawa laini kama samli juani. Swali litarudi, akasema, ila kwanza wamfurahishe mgeni. Akaenda kijijini Migato mwenyewe, akarudi na kusema kila kitu kimekaa sawa, zizi ni lile la karibu na kisima.

"Wewe mtu wa Mkula, kule hawakujui. Na kwa sura hiyo, wizi unakufaa!"

Wakacheka mpaka machozi.

Kisimani mama mmoja mtu mzima aliinua uso kutoka kwenye ndoo.

"Mwadila, mayu," Malimi alimwamkia.

"Mwadila, baba. Huyo si ng'ombe wa Luhaga?"

"Ndiye, mayu. Nimemwiba!"

Mama hakucheka. Alifanya ishara ya msalaba, akafungua pindo la kanga, akatoa simu, akabonyeza. Malimi akampungia mkono. Hata wale wa maigizo ya Krismasi parokiani hawajui kujikaza hivyo.

Simu zikalia nyumba kwa nyumba, mpaka ng'ambo ya mashamba ya pamba. Wanaume wakamiminika, wengine vifua wazi, vumbi likiwafuata. Malimi akasimama katikati ya njia ili wasipate taabu ya kumtafuta, akampigia Ngassa.

"Mgeni anaona?"

"Anaona. Hapepesi hata macho."

"Basi waambie wapunguze moto, kuna mmoja ameshanirushia jiwe. Uliongea na nani huku? Nitajie jina nimwite."

Ngassa alishusha sauti.

"Sikuongea na mtu, ndugu yangu. Wangejua ni majaribio, wangekimbia hivyo?"