Mpini wa Nyuma

Kila mwaka, chama cha kuzikana kilipoadhimisha siku yake, Mzee Mbaruku, mwasisi pekee aliyebaki hai, aliweka mkono juu ya jeneza la kwanza, lile la kubebea maiti hadi kaburini na kurudishwa, na kusimulia. Maskini mmoja alikufa kwa kipindupindu, mji mzima ukamkimbia. Wanaume wanne wakamtia begani, na chama kikazaliwa.

Mwaka huu katibu alikuwa akiiandika historia hiyo. Akagusa kitambaa kilichofungwa kwenye mpini wa nyuma. "Mzee, hapa ndipo uliposhika wewe. Hii kanga ya nani?"

"Ya marehemu mke wangu."

Mlangoni alisimama Bi Siwema, mpishi wa sherehe, mwiko mkononi. Siku ile Mbaruku aliuachia mpini njiani, akatimua mbio. Wanawake hawabebi jeneza, lakini Siwema alichana kanga yake, akaufunga mpini uliomchubua bega, akabeba hadi kaburini. Hakumwumbua hata siku moja.

"Endelea, mwasisi," alisema Bi Siwema. "Pilau bado haijaiva."

Mzee Mbaruku aliugeukia mpini. Vidole vyake vikaanza kulihangaikia lile fundo, nalo lilikuwa limekaza kana kwamba limefungwa asubuhi hiyo.